Nusu ya Salem

Watu wa Yiti, kijiji cha wavuvi nje ya Maskati, walituona wendawazimu, mimi na Salem, na siwalaumu. Wao wana mashua, wana nyavu, wana dagaa wabichi wa kutia kwenye ndoana. Sisi tulikuwa watumishi wawili wa serikali wenye vitambi. Kila Alkhamisi baada ya sala ya alfajiri tulivuka milima kwa ile njia ya kokoto, tukateremka majabalini na fimbo za kuvulia mkononi, tukaanza kuwarushia samaki wa bahari samaki wa mbao.

Sanduku la hao samaki wa mbao Salem alipewa na Mwingereza mmoja waliyefanya naye kazi idara moja, siku alipokuwa akirudi kwao. Kila mmoja ana urefu wa kidole, tumbo nene, ndoana mbili zenye makucha matatu matatu, na chini ya kidevu kijiko kidogo cha plastiki. Kijiko hicho ndicho kinachomfanya apige mbizi unapomvuta, huku akitikisa kiuno. Yule Mwingereza alisema kwamba kwao huvulia samaki wa maziwani, baridi inapoanza kuondoka. Salem akasema ikiwa samaki wa ziwani wa Ulaya anadanganyika, chewa wa Yiti kasoma wapi hata asidanganyike? Akawapa jina la waongo. "Nipe yule mwongo mwekundu," ataniambia, nami nitampa yule mwenye rangi ya kamba aliyechemshwa, ambaye ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote.

Uvuvi huu una wakati wake mzuri. Mwezi wa pili unapoelekea wa tatu, jua la Maskati bado lina huruma, maji yana ubaridi, na chewa amejilaza pangoni mwake, mvivu, hataki kukimbizana na mtu. Ukimvuta mwongo mbio, atapita mbele ya pua yake na yeye hana habari. Inatakiwa umvute taratibu mpaka kidevu kigonge jabali, usikie kule kugonga mkononi mwako, halafu uache. Usifanye kitu. Mbao itaelea juu kidogo, na hapo ndipo chewa anapotoka na hasira zake. Salem alikuwa bingwa wa kuacha. Mimi nilishindwa kila mara, mkono wangu unataka kuzungusha tu.

"Ghanim," akiniambia, "tabu yako wewe huwezi kukaa na kitu bila ya kukifanya kitu."

Nami nilikuwa nikimjibu kwamba wako watu waliozaliwa wavivu na uvivu wao wakaupa jina la subira.

Tulichokipata tulikigawa papo hapo, juu ya jabali, na haikujalisha nani kakivua. Samaki alipasuliwa kwa urefu, kutoka kichwani mpaka mkiani, kwa sababu sote wawili tulitaka kichwa cha kutia kwenye supu na hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake. Mmoja akikata, mwingine anachagua. Wakiwa samaki wawili walipasuliwa wote wawili, ingawa mtoto mdogo angejua kwamba ni rahisi zaidi kila mtu kuchukua wake. Wenyeji wakipita wakatukuta tunapasua samaki kwa namna ile, walizidi kutuhurumia.

Niseme sasa hivi kwa nini nilikuwa naipenda Alkhamisi kiasi hicho. Mke wangu Nasriya alifariki mwaka elfu mbili. Binti yangu Reem yuko mbali, Salalah, na mumewe. Hunipigia simu kila Ijumaa, na wajukuu wananisalimia kwa Kiarabu kisha wanakimbilia televisheni. Nyumba yangu ya Mawaleh, hapa Maskati, ina vyumba vingi na ukuta mrefu, na majirani wana kuta ndefu zaidi. Nyumba ya Salem, mtaa wa nyuma yangu, ndiyo nyumba pekee niliyobaki nayo. Pale Kiswahili, lugha yetu ya utotoni ng'ambo, kilisemwa kuanzia mlangoni mpaka jikoni. Pale mkewe, Bi Masouda, aliniita shemegi, na aliniteta nikichelewa chakula na kuniteta tena nikila kidogo. Wiki nzima ingeweza kupita hakuna mtu aliyenitaja kwa jina langu, lakini nilijua Alkhamisi nitaitwa.

Salem alikufa mwaka elfu mbili na tatu, siku chache kabla ya Ramadhani. Moyo. Alitoka msikitini, akainama kuvua viatu mlangoni kwake, hakuinuka tena. Tulimzika mimi na mwanawe Anas na jamaa wengine, na kilichonitisha nilipokuwa natoka makaburini hakikuwa mauti. Nilikuwa nawaza nitaingiaje tena katika nyumba ile. Mwanamke ameingia eda ya miezi minne na siku kumi, mume hayupo, mimi si ndugu wala si mahram wa kuonana naye. Mlango umefungwa na hakuna hata mtu wa kumlaumu.

Alkhamisi ya kwanza baada ya sikukuu ya Idi nilikwenda Yiti peke yangu. Nilijua kukaa nyumbani siku ile kutaniua. Maji yalikuwa bado ya vuguvugu na samaki wako mbali, lakini nilibahatika kumpata chewa mmoja, wastani. Nikamweka juu ya jabali na mkono wenyewe, bila ya kuniuliza, ukampasua kwa urefu. Zikawa mbele yangu nusu mbili. Nimekata mimi, na wa kuchagua ni mimi. Nilikaa pale nikalia kidogo, kisha nikachagua ile ndogo, na ile kubwa nikaitia kwenye bakuli na kwenda nayo mpaka nyumbani kwa Salem.

Aliyefungua ni Paulina, mtumishi wao, mwanamke wa Bukoba aliyekuwa na wanawe wakubwa kule kwao na ambaye hakuogopa mtu yeyote Maskati nzima.

"Shikamoo baba. Mama yuko eda, haonani na wanaume."

"Marahaba. Najua. Mpe hii. Mwambie ni nusu ya Salem."

Alilitazama bakuli, akanitazama mimi, akaingia ndani. Nilisubiri getini, sijui nasubiri nini. Aliporudi alikuwa ameacha bakuli.

"Mama anasema shukrani. Anauliza bahari ilikuwaje."

Nikahisi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Nikamweleza bahari ilivyokuwa, neno kwa neno, na Paulina akaenda kumweleza Bi Masouda, na akarudi na swali jingine.

Ikawa hivyo kila Alkhamisi. Mimi getini, Paulina katikati, Bi Masouda ndani. Bakuli halikurudi tupu, kama ilivyo desturi yetu: mara lina vileja, mara mkate wa kumimina, mara pilipili ya kusaga. Maswali yalikuja na majibu yakaenda. Anauliza huyu kamvua nani. Mwambie kamvua mwongo mwekundu. Kutoka ndani nikasikia sauti ambayo sikuweza kutambua kama ni kicheko au kilio. Siku moja nilitoka baharini mikono mitupu, nikasita, halafu nikaenda vilevile, nikamwambia Paulina, "Leo Salem hakupata kitu." Jibu likaja, "Mama anasema kwani lini alikuwa anapata." Nilirudi nyumbani nacheka peke yangu ndani ya gari.

Siku nyingine Paulina alisema, "Mama anasema umekonda."

"Kaniona wapi?"

"Dirishani, baba. Eda haijafunga dirisha."

Neno lile nilikaa nalo wiki nzima. Nililikumbuka nikipika, nililikumbuka nikiswali, na astaghfirullah, nililikumbuka hata nikiwa nimesujudu. Ilikuwa muda mrefu sana tangu mtu anitazame kiasi cha kujua kama nimekonda au nimenenepa.

Dada yangu Shaikha anaishi Mabela, na masikio yake yanafika Mawaleh bila ya kupanda gari. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata aliniita. Alinimiminia kahawa, akaweka halua mbele yangu, na nilipoona halua nyingi kiasi kile nilijua nimeitiwa jambo.

"Nimesikia unapeleka samaki nyumba yenye eda."

"Napeleka haki ya Salem."

"Salem kafa, Ghanim. Maiti hali samaki."

"Basi anakula mkewe."

"Hilo ndilo wanalolisema watu." Akajisogeza. "Nisikilize. Mwanamke aliyemo edani haposwi waziwazi, ni haramu, wajua. Lakini kuashiria kwaruhusiwa. Na wewe ndugu yangu umeashiria mpaka mtaa mzima umefahamu, umebaki wewe tu hujafahamu."

Nilikasirika. Nilimwambia wanawake wa Mabela hawana kazi, na watu wa Mawaleh wanatakiwa wajengewe kuta ndefu zaidi ya zile walizonazo. Alinywa kahawa yake mpaka nikamaliza.

"Eda yake inakwisha mwezi huu," alisema. "Ikisha kwisha, utasimama pale getini kwa jina gani? Hakuna msiba tena. Mwanamume mjane kila wiki kwenye mlango wa mwanamke mjane? Anas ni kijana mwenye adabu, lakini ataona haya mbele ya wenzake. Siku moja atakwambia kwa heshima, ami, usijisumbue kuja. Sasa chagua wewe. Oa, au acha."

Hapo hasira zikaniishia, ikabaki hofu. Sikuwa nimefika huko kwa mawazo. Nilidhani eda ikimalizika mlango utafunguka zaidi, kumbe utafungwa kabisa. Nilirudi nyumbani nikakaa sebuleni bila ya kuwasha taa, nikajaribu kufikiria Alkhamisi isiyokuwa na lile geti, na nikashindwa.

Kuanzia siku ile nikaanza kumfikiria Masouda. Nasema Masouda, si mke wa Salem. Nilikuwa nikimjua kwa miaka na miaka lakini kwa pembeni tu, sauti itokayo jikoni, mkono unaoweka sahani. Sasa nikajikuta nakumbuka jinsi anavyocheka huku amejifunika mdomo kwa mtandio. Nikanunua hina ya ndevu. Nikajitazama kwenye kioo nikajiambia sijaharibika sana. Nilimpigia simu Shaikha, nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayelazimishwa, kwamba haya, aseme. Shaikha akazungumza na Bi Masouda baada ya eda kwisha, akaniletea jibu: njoo Alkhamisi baada ya adhuhuri, Anas atakuwepo, tutasikilizana. Dada yangu aliona jambo limekwisha. Mimi sikulala.

Asubuhi ile Yiti ilikuwa tulivu, maji yana ubaridi wa kuuma vidole. Nilimfunga mwongo mwekundu na kumrusha pembeni mwa jabali kubwa, nikavuta taratibu. Akagonga. Nikaacha. Sijui ilikuwaje, labda nilikuwa nawaza mengine, lakini kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliacha kama Salem alivyokuwa akiacha, mkono umelala, na chewa akatoka. Alikuwa mkubwa kuliko wote tuliopata kuwavua. Alitaka kurudi pangoni na mimi nikakataa, tukavutana, na nilipompandisha juu nikakaa chini nimemkumbatia pamoja na fimbo, nguo zimelowa, nacheka kama mjinga.

Nikatoa kisu. Nikamlaza chewa pale tulipokuwa tukiwalaza wote, nikaweka makali nyuma ya kichwa. Nikafikiri. Nusu ni ya watu wanaogawana kisha kila mmoja akaenda kwake. Mimi nilikuwa nakwenda kuomba kula sinia moja na mtu. Nikaona itakuwa ajabu kwenda kuposa na nusu ya samaki. Nikakirudisha kisu alani, nikamtia chewa mzima kwenye barafu, na njia yote ya mlimani nilikuwa najisifu kwa busara hiyo.

Nyumbani nilioga, nikavaa dishdasha mpya, kanzu ya Kiomani, nikajifukiza udi. Chewa nilimlaza juu ya sinia kubwa la Nasriya, nikamfunika kwa kitambaa cheupe. Paulina alifungua geti, akapokea sinia kwa mikono miwili, akainua pembe ya kitambaa.

"Huyu leo hujamgawa, baba," alisema.

"Leo hagawiwi," nikamjibu, nikatabasamu. Yeye hakutabasamu. Alikwenda nalo jikoni.

Anas alinipokea, akanikalisha majilisi, chumba cha wageni, akanimiminia kahawa. Alikuwa kijana mpole, mhandisi, na siku ile hakujua aweke wapi macho. Tulizungumza joto, tukazungumza barabara mpya, tukazungumza bei ya nyanya hapo sokoni Mawaleh. Muda ulipita mwingi kuliko nilivyotazamia. Kisha Bi Masouda akaingia, amejitanda nguo nyeusi, amekonda yeye kuliko mimi, akakaa karibu na mwanawe.

"Karibu, shemegi."

"Ahsante, Bi Masouda. Nna furaha kukuona."

"Shaikha keshazungumza nami," alisema. "Amezungumza vizuri, na wewe si mtu wa kukataliwa kwa dharau. Lakini kwanza nataka nikuulize juu ya samaki. Mbona mzima?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa maswali ya mahari, ya nyumba, ya Reem. Hilo sikulitegemea.

"Ni mkubwa," nikasema. "Nikaona tule pamoja."

Aliutazama mkeka, akauvuta mtandio mbele kidogo.

"Miezi yote hii nilikuwa nnamla samaki wako bila ya haya," alisema. "Watu walisema. Huyu Anas mwenyewe aliniuliza, mama, tunakubali kwa nini? Nikamwambia hii si zawadi ya Ghanim. Hii ni nusu ya Salem, na mimi na wewe ndio warithi wake. Nikimwambia Paulina, tia ndimu nyingi, Salem anapenda ndimu. Alkhamisi ndiyo siku iliyokuwa mume wangu analeta kitu nyumbani. Nyumba nzima inanuka kama zamani. Nilikuwa nnasubiri siku hiyo, shemegi, sikufichi."

"Nilikuwa nakuletea kwa ajili yake," nikasema. "Wallahi, kwa ajili yake."

"Nnajua. Ndipo nikapokea. Lakini leo hukumkata. Nimekaa huko jikoni nnamtazama na nnajiuliza, toka lini? Wiki ipi ile nusu iliacha kuwa ya Salem ikawa yako?"

Anas alijifanya anatafuta kitu kwenye simu yake. Mimi nilirudi nyuma kwa mawazo, wiki baada ya wiki, natafuta. Ile ya vileja? Ile ya dirishani? Kule Mabela kwa dada yangu? Nilikuwa nataka kumjibu ukweli na sikuwa naujua. Kila nilipotazama nilimwona Salem yupo, na mimi nipo pia.

"Nipe kisu," nikasema. Nilisikia sauti yangu imekuwa ya kuomba na sikujali. "Nitamkata hivi sasa. Sahau aliyoyasema Shaikha. Tufanye kama ilivyokuwa, mimi nikae getini, Paulina atachukua. Sitaki kitu kingine."

Alitikisa kichwa. Hakuwa amekasirika, na laiti angekasirika, kwani mtu aliyekasirika huenda kesho akapoa.

"Shemegi," alisema, "sasa hata ukimkata, nusu zote mbili ni zako."

Nilikimaliza kikombe changu cha kahawa, nikakitikisa kama desturi kuonyesha nimetosheka, nikasimama. Bi Masouda alisimama pia. Aliniombea afya na mwisho mwema, akaniambia nimsalimie Reem, nikajua kwamba ananiaga kabisa, maana hakuwa na kawaida ya kumuulizia Reem. Kisha akaingia ndani.

Paulina alilileta sinia, na chewa juu yake, mpaka varandani. Anas akampokea, akalibeba mwenyewe hadi kwenye gari langu, akaliweka kiti cha nyuma na kulikaza vizuri lisije likateleza. "Karibu tena, ami," alisema, anatazama tairi la gari. Nikamwambia inshallah.

Nyumbani nilimweka chewa juu ya meza ya jikoni na kukaa mbele yake na dishdasha yangu mpya. Nilifikiria kumpelekea Shaikha, lakini angeuliza. Nilifikiria majirani, nikakumbuka kwamba sijui hata majina yao. Hivyo nikamsafisha, nikamkata vipande vipande, vingine nikakaanga, vingine nikatia kwenye mchuzi wa nazi, nikatandika meza kwa mtu mmoja. Ijumaa Reem alipiga simu akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia samaki. Akasema vizuri, baba, samaki ni afya. Nilimla mpaka Jumatatu, na alikuwa mtamu, mtamu kuliko wote niliowahi kula, na hakukuwa na mtu wa kumwambia.